Ya Ndani na Ya Nje

"Ya nje inatia aibu," alisema Mama Pacha, na kifuniko cha sufuria kikagonga meza. "Nimeivumilia miaka yote hii. Safari hii siivumilii. Nataka ya ndani!"

"Ya ndani itatumaliza," alijibu mumewe, Baba Pacha, mkate umejaa mdomoni. "Ya nje tumeshaizoea. Haina maneno. Unafunga, unakaza, unakwenda zako."

Jikoni, nyuma ya pazia, mama yake Baba Pacha alikuwa akikoroga chai. Kijiko kikasimama katikati ya glasi. Bibi huyu alikuwa amekuja kwa mwanawe kutibiwa macho, na dawa aliyotiwa ilimfanya aone kila kitu kama kimefunikwa na moshi, kwa hiyo kazi yote ya dunia ilikuwa imeangukia masikio yake. Masikio nayo yalikuwa hayana likizo.

Kilichogombaniwa pale mezani kilikuwa injini. Injini ya silinda nane, nne huku nne kule, iliyokuwa imetandazwa vipande vipande kwenye gereji yao uani. Ndani ya injini ya namna hiyo mna krenki, chuma kirefu kilichojipinda kama mtu mwenye msokoto wa tumbo. Pistoni hupanda na kushuka, na krenki huigeuza purukushani hiyo yote ikawa mzunguko. Ili isitetemeke, uzito wa pistoni lazima upate uzito mwenzake wa kuukabili, na hapo ndipo njia zinapoachana. Balansi ya nje, uzito huo unabandikwa kwenye ncha za krenki: kipande kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma, na kipande kwenye puli ya mbele. Ndivyo injini ile ilivyotoka kiwandani. Balansi ya ndani, unatoboa krenki yenyewe na kupachika humo chuma kizito kuliko risasi, halafu flaiwili na puli zinabaki duara safi. Ni kazi ya kutoa jasho na ina gharama, lakini injini ikikimbizwa sana, ncha za krenki hazichapi kama mjeledi.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Katika gereji ile kazi ziligawanywa tangu walipooana. Mama Pacha hufanya ya ndani ya injini: pistoni, ringi, beringi, valvu. Mumewe hufanya ya nje: flaiwili, puli, mabomba, na kuongea na wateja. Mtu baki angeona mara moja kwamba kila mmoja anatetea kwao. Wenyewe hawakuona kitu.

"Ya nje!" alisema Baba Pacha, akisimama.

"Ya ndani!" alisema mkewe, akisimama pia, maana alikuwa mrefu kumpita na alipenda hilo likumbukwe.

Nyuma ya pazia, Bibi alitafuta kigoda kwa mguu, akaketi taratibu. Mwanawe wa pekee. Mtu mpole kama yule. Kumbe ana wa nje, na anamtangaza mezani, mbele ya mkate!

Mwenye injini alipita asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa daktari wa meno, mtu wa mashati meupe aliyeshiriki mashindano ya magari ya kupanda mlima. Alimkuta Mama Pacha amekumbatia krenki kifuani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, mafuta yamempanda hadi viwikoni.

"Habari za hapa," alisema Daktari. "Fundi yupo?"

Mama Pacha aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba huenda fundi amejificha hapo. "Yupo."

"Niitie basi."

Hakuita. Haikuhitajika, kwani Baba Pacha alikuwa anakuja mbio huku akijifuta mikono. Daktari alitafuta mahali pa kuweka mwavuli wake ili amsalimie vizuri. Meza ilikuwa chafu, sakafu ilikuwa na mafuta. Akaona kile chuma kilichopindapinda mikononi mwa yule mwanamke, akautundika hapo.

"Fundi wangu!" akasema, akimtingisha Baba Pacha mkono. "Mashindano yaliyopita injini ilinitetemesha mpaka nikauma ulimi. Daktari wa meno, nimejiuma ulimi! Wagonjwa wanakaa kwenye kiti changu midomo wazi, si kwa matibabu, kwa kicheko."

"Pole sana Daktari. Sasa tunaangalia balansi, kama tufanye ya—"

"Hayo ni yenu. Mimi nataka kitu kimoja. Alhamisi saa kumi nakuja, mnaiwasha, naweka glasi iliyojaa juu yake. Isipomwagika, Jumapili naingia nayo mlimani, na wenzangu wote wanaoshindana watauliza nani kaiunda. Ikimwagika, naihamishia kule." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye gereji mpya yenye kuta za vioo, ambayo mafundi wake walivaa glavu na kutembea kama wapo maktaba.

Akauchukua mwavuli wake kutoka kwenye krenki, akaondoka.

Mama Pacha alikuwa bado amesimama vile vile. "Umeona nimekuwa msumari wa ukutani?"

"Hakuwa na nia mbaya, mama watoto."

"Angekuwa na nia mbaya ningemjibu. Hana nia yoyote, hilo ndilo linaloniuma." Akaiweka krenki juu ya meza. "Sikia nikwambie. Alhamisi injini hii ikiimba, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo huu, nani kaiunda. Ikitetemeka, ninyamaze mpaka nife."

"Hata mimi ningemwambia."

"Mbona leo hukumwambia?"

Baba Pacha akaona bolti moja sakafuni iliyohitaji kuokotwa haraka sana.

Kesho yake mchana Mama Pacha alikuwa sebuleni, pistoni nane zimepangwa miguuni pake kama vikombe vya wageni. Alikuwa akizipima moja moja kwenye mizani ya jikoni. Ile iliyozidi uzito anaikwangua kidogo kwa ndani, anapuliza vumbi, anapima tena, mpaka zote zilingane na nyepesi kuliko zote. Bibi alikuja akipapasa ukuta, akapapasa kiti, mwisho akapapasa goti la mkamwana wake na kubaki amelishika.

"Mwanangu, nimesikia mambo yenu ya ndani na ya nje."

"Tusamehe Mama, tunapiga kelele mno."

"Si kelele." Bibi alishusha sauti. "Nitakwambia neno ambalo sijamwambia mtu. Baba mkwe wako, marehemu, naye alikuwa nayo."

"Alikuwa na nini?"

"Na hiyo ya nje."

Mama Pacha aliacha kukwangua. Marehemu alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na Mama Pacha hakuwaza kingine ila lori. "Kumbe na Baba alikuwa mtu wa ya nje!"

"Miaka na miaka."

"Hukumwambia aibadilishe?"

"Nimwambie nini? Nilipika, nikafua, nikanyamaza."

"Na ilikuwa haitikisiki?"

"Ee, mwanangu! Ilitikisika. Kuna siku nilidhani kuta zinatuangukia. Lakini haikuvunjika. Tulifika nayo mpaka mwisho."

Hilo lilimwingia Mama Pacha. Lori la mizigo, milima na makorongo, tani juu ya tani, na balansi ya nje ikahimili. "Na kwenye mwendo mkali, Mama?"

Bibi alifikiri kwa uaminifu. "Mwendo mkali ilikuwa ujanani. Baadaye alipoa."

"Basi umenifumbua macho," alisema Mama Pacha, akiipuliza pistoni. "Nilikuwa nashindana bure. Namwachia ya nje yake. Tena nitaitengeneza mwenyewe, ikae sawasawa, apendeze nayo mbele za watu."

"Utaitengeneza wewe?"

"Nani mwingine? Na wewe usimwambie, nataka ashtukie siku hiyo hiyo."

Bibi aliutoa mkono gotini polepole. Alikuja kuomba uvumilivu kikombe kimoja, akapewa pipa zima. Alitegemea machozi, walau mafua ya uongo, na hapa mkamwana anapuliza vumbi huku akiimba kwa pua. Haya ikamshika Bibi mwili mzima. Kwa hiyo yeye, mtu mzima, ameenda kumfundisha mwanamke mwenzake kunyamaza kama alivyonyamaza yeye? Aliinuka, akashika ukuta, akamfuata mwanawe uani kwa hasira ambayo alipaswa kuitumia zamani kwa mtu mwingine.

"Wewe!"

Baba Pacha alikuwa amelala chini ya gari bovu la jirani, miguu tu ndiyo iliyoonekana. "Naam, Mama."

"Hiyo ya nje, umeanza nayo lini?"

"Ilikuja hivyo kutoka kiwandani."

"Kumbe anafanya kazi kiwandani." Bibi aliliweka hilo akilini. "Na mkeo anajua?"

"Anajua sana, ndio ugomvi wenyewe. Yeye anataka ya ndani peke yake."

"Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Tena kiufundi ndiye mwenye haki. Ila Mama, ya nje ni rahisi. Haichagui. Leo unaifunga hapa, kesho unaifungua, unampa mwingine—"

"Funga mdomo!" Bibi alipiga teke, likampata nyayoni. "Hivi nilikulea mimi au ulilelewa na mbwa? Umemtazama mkeo? Anakufanyia kila kitu humo ndani, hana anayemwona, wewe ndiye unayepewa mikono na kuitwa bwana. Na kitu kimoja anachokuomba unaona gharama!"

Baba Pacha alikuwa ameukumbuka ule mwavuli. Kusema kweli ulikuwa haujamtoka kichwani tangu jana. Alilala nao, akaamka nao.

"Mama," alisema, akijivuta nje mpaka uso ukaonekana, umechafuka na una huzuni, "sikujua kama na wewe unaelewa mambo haya."

"Nayaelewa kuliko wewe."

"Basi naachana nayo. Leo leo. Ila usimwambie, nataka ashtukie mwenyewe."

"Na yeye anataka ushtukie," Bibi alikaribia kusema, lakini alikuwa amekatazwa, akayameza.

Krenki, flaiwili na puli vyote vilikuwa vimeshapelekwa kwa Bwana Mizani, mtu mwenye mashine ya kuzungushia krenki na kuonyesha upande uliozidi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo uchache wake ulileta balaa. Mama Pacha alimpigia simu: fanya ya nje, na mume wangu asijue. Baada ya chakula akapiga Baba Pacha.

"Bwana Mizani, fanya anavyotaka mama watoto."

"Ameshaniambia anavyotaka."

"Basi hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo," alisema Bwana Mizani, akarudi kwenye mashine yake.

Baba Pacha alitoka akatafuta flaiwili na puli zisizo na uzito wa kubandikwa, duara safi za kuendana na balansi ya ndani. Alizipata kwa muuza spea, akabadilishana naye kwa jeki yake kubwa, ile ambayo hata jirani hakuazimwa. Mzigo uliporudi kutoka kwa Bwana Mizani, alimwachia mkewe krenki, akakwapua ile flaiwili ya zamani na puli yake ndani ya gunia, akavipeleka chumbani kwa Bibi.

"Mama, nifichie. Ndiyo ile ya nje. Nimeachana nayo kabisa."

Bibi alipapasa. Kitu cha mviringo, cha baridi, kizito, kina meno pembeni. Mwanamke gani humpa mume wa mtu sinia la chuma? Lakini huko viwandani huenda ndizo zawadi zao. "Weka chini ya kitanda," alisema. "Na usirudi kukitazama."

Alhamisi, jua bado kali, injini ilisimama juu ya stendi uani, imefungwa yote, imenyweshwa mafuta, imepigwa kitambaa mpaka inang'aa. Mama Pacha alikuwa ameunda sehemu za ndani bila mumewe kuchungulia. Mumewe alikuwa amefunga za nje wakati mkewe amekwenda kutafuta gaskiti. Wote wawili walikuwa wakitabasamu peke yao kama watu walioficha keki. Bibi, ambaye macho yalikuwa yameanza kurudi, alitoka na glasi yake ya chai.

"Niazime hiyo, Mama," alisema Mama Pacha, akaiweka juu ya injini. "Washa!"

Baba Pacha akawasha.

Injini ilinguruma, na kwa muda wa kupiga chafya kila kitu kilikuwa kizuri. Halafu stendi ikaanza kutembea. Glasi ilicheza, ikazunguka, ikaruka na chai yake. Spana zilishuka mezani moja baada ya nyingine kama watu wanaotoroka mkutano. Mabati ya paa yalipiga makofi. Baba Pacha aliikumbatia injini ili aizuie, ikamtetemesha hata akiita "Ziiiima!" neno likatoka vipande kumi. Mama Pacha akachomoa waya.

Ng'ambo ya barabara, glavu mbili nyeupe zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo, na nyuso nyuma yake.

"Umefanya nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Mimi? Umefanya nini wewe?"

"Nimekufanyia ya nje! Uliyoililia!"

"Ya nje? Mimi nimefunga flaiwili ya balansi ya ndani! Uliyoililia wewe!"

Walitazamana. Krenki ilikuwa inasubiri uzito wa nje ambao haupo. Kila mmoja amempisha mwenzake mlangoni, wakagongana vichwa.

"Flaiwili hiyo umeipata wapi?"

"Nimebadilishana na jeki."

"Jeki yako?"

"Jeki imeolewa," alisema Baba Pacha kwa unyonge.

Bibi alikuwa amesikia neno moja tu katika yote hayo. Akasogea, kidole juu. "Umeirudia ya nje? Baada ya kuniahidi?"

"Sijairudia, Mama! Si iko chini ya kitanda chako!"

Uso wa Bibi ulisawijika. "Nani yuko chini ya kitanda changu?"

"Ya nje!"

"Toka lini? Na nimekuwa nikilala juu yake!"

Ilichukua muda. Mama Pacha ndiye aliyeanza kuelewa, akajishika kifua, kisha tumbo, kisha akakaa kwenye ndoo. "Mama, ni balansi. Balansi ya injini. Hakuna mwanamke."

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Hata wa kiwandani?"

"Mama!" alisema Baba Pacha.

Kisha Mama Pacha akakumbuka, na kicheko kikamkauka. "Kwa hiyo lori la Baba..."

"Lori lilikuwa zima kabisa," alisema Bibi, na hapo hapo akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Baba Pacha alitazama mama yake, akatazama mkewe, akalipata. Alijikuna shingo. "Yule mama wa cherehani, wa kona?"

Mikono ya Bibi ikashuka. "Ulijua?"

"Nilijua alikuwa ananipa peremende. Sikuuliza kwa nini."

"Zile peremende! Nikakuchapa nikidhani umeiba!"

"Ulinichapa sana, Mama."

Bibi alijaribu kukunja uso. Ulikataa. Kitu kilianza kumtingisha kutoka magotini, mabega yakafuata, na kicheko kikatoka, kikubwa, cha mtu aliyebeba gunia njia nzima na kugundua limejaa pamba. "Siri ya marehemu! Nimeitunza mpaka nimeota mvi, nikaja kuimwaga kwa ajili ya chuma!" Wote watatu wakashikana ili wasianguke. Wale wa ng'ambo hawakuelewa mafundi gani hawa, injini imewashinda na wanacheka.

Mama Pacha ndiye aliyenyamaza kwanza. Alijifuta macho kwa mkono wa mafuta, akajichora mistari miwili ya jeshi. "Saa kumi inakaribia. Ama tuifumue yote, krenki irudi kwa Bwana Mizani akaifanye ya ndani, na Jumapili ipite. Ama."

"Ama nini?"

"Ama ulete hicho kilicho chini ya kitanda."

"Wewe ulitaka ya ndani," alisema mumewe. "Sitaki uonekane umeshindwa."

"Nimeshindwa na nani? Krenki imeshasawazishwa na ya nje, pistoni nimezipima mimi hazipishani hata unywele. Ya ndani tutaifanya kwenye gari letu, tukipata gari. Kimbia!"

Alikimbia. Bibi alimkimbilia nyuma, kwa kuwa chumba kilikuwa chake. Walirudi wamelibeba gunia kila mmoja upande, wakigombana nani anavuta. Bolti zilitoka, flaiwili ya jeki ikawekwa kando, ile ya nje ikarudi mahali pake, puli nayo ikarudi mbele. Baba Pacha alikaza, mkewe akakagua, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuna aliyesema huku ni kwangu.

Daktari aliingia uani wakati spana ya mwisho inawekwa chini. Shati jeupe, mwavuli mkononi. Bibi alijaza glasi mpya mpaka chai ikatuna juu ya ukingo, akaiweka kwenye injini mwenyewe.

"Washa, mwanangu," alimwambia mkamwana.

Mama Pacha akawasha. Injini ilikohoa, ikakamata, ikatulia kwenye sauti moja nene iliyoingia nyayoni. Akaipandisha. Akaipandisha tena, mpaka majani ya mti wa jirani yakatetemeka. Chai ilichora viduara vidogo, kimoja ndani ya kingine, na ikabaki kwenye glasi.

Daktari aliinama hadi pua ikakaribia kugusa glasi. Alipoinuka alikuwa kama mtoto aliyeng'olewa jino bila kusikia maumivu. "Fundi!" akapaza sauti juu ya mngurumo, akimnyoshea mkono Baba Pacha. "Fundi, umeniweza!"

Mama Pacha alivuta pumzi aseme neno aliloapa kusema. Lakini mumewe alimwahi.

Baba Pacha aliutazama mkono ule mweupe. Akaweka yake nyuma ya mgongo.

"Mimi ni fundi wa nje, Daktari," alisema. "Nafunga bolti na kuongea. Aliyeiunda ni wa ndani. Huyo hapo."

Daktari aligeuka. Alimwona mwanamke mrefu mwenye mistari miwili ya mafuta usoni, na kitu fulani kilianza kumjia, polepole, kama ganzi inayotoka. "Siku ile," alisema, "nilikutundikia..."

"Ulinitundikia," alisema Mama Pacha. Akamnyoshea kiwiko, kama mafundi wanavyosalimia mikono ikiwa michafu.

Daktari alikikataa kiwiko. Alitaka kiganja chenyewe, na alitaka kumshika kwa mikono yote miwili, ila mmoja ulikuwa na mwavuli. Akatazama meza, ilikuwa chafu. Akatazama sakafu, ilikuwa na chai na mafuta.

Baba Pacha alisogea karibu, akakunja mkono wake kama msumari wa ukutani.

"Tundika hapa," akasema.